Kabla ya kulaumu pumzi ya mtoto, kagueni saksafoni

Mwezi uliopita nilikuwa Mugina, upande wetu wa mpaka, nikisubiri gari la kurudi Makamba. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka Kigoma alifungua begi lake mbele ya kibanda cha chai, akatoa saksafoni. Ilikuwa ya aina ya alto, inang'aa kama pete ya harusi. Watu wakajaa. Kiongozi wa kwaya moja ya Nyanza-Lac alikuwa na fedha za mchango mfukoni, tayari kulipa. Aliponiona akaniita: "Mwalimu, wewe ni mtu wa matarumbeta. Hii ni nzuri?"

Nikamuuliza itapigwa na nani. Akasema watamtafuta kijana. Nikamuuliza itapigwa pamoja na vyombo gani. Akasema vilivyopo. Nikamuuliza kama kuna ridi za akiba. Hapo akacheka, akanipiga begani: "Mwalimu, mchagua jembe si mkulima. Saksafoni ni saksafoni." Akalipa.

Sikumgombeza. Maneno kama hayo niliyasema mimi mwenyewe mwaka 2012, na aliyelipia gharama yake alikuwa mtoto wa watu. Ndiyo maana naomba nafasi katika ukurasa huu. Wengi wetu tuliorudi kutoka Tanzania tumerudi na mapenzi ya bendi na kwaya, na wengi mnaosoma gazeti hili mnavusha bidhaa kila wiki. Baina yenu, mnunuzi na muuzaji, kuna watoto ambao wanaweza kuambiwa hawana kipaji, kumbe kosa liko kwenye chombo.

Baba yangu alikimbia mwaka 1972. Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, mwaka 1979. Anayeijua Ulyankulu anajua kwamba pale uimbaji haukuwa mchezo. Kwaya ya Barabara ya 13 ililitangaza jina la makazi yetu Tanzania nzima. Mimi sauti sikujaliwa. Mzee mmoja wa kanisani alinipa klarineti kuukuu na kunifundisha chini ya mwembe, jioni, baada ya kazi ya tumbaku. Nikasoma hapo hapo, nikaenda chuo cha ualimu, na mwaka 2009 tukarudi Burundi.

Mnaokumbuka miaka ile mnajua tulivyopokelewa shuleni. Nilikuwa na cheti, nilikuwa nimefundisha, lakini Kifaransa sikukijua, na Kirundi changu kilikuwa cha nyumbani, kimechanganyika na Kiswahili. Nikawekewa mbele karatasi ya Kifaransa niijaze. Nilipokwama, nilisikia mtu akimnong'oneza mwenzake kwamba hawa wa Tanzania hawana shule vichwani. Hakuna aliyejiuliza kama karatasi ile ilikuwa imenifaa. Maneno yale yaliniuma kwa miaka. Hata hivyo, muda si mrefu nami nikamtendea mwanafunzi wangu vile vile.

Mwaka 2012 shule yetu ilipata msaada wa vyombo vilivyotumika. Ndani yake kulikuwa na saksafoni alto moja. Nilimchagua msichana wa miaka 13 aliyekuwa na sikio zuri kuliko wote. Ukimwimbia wimbo mara moja anakurudishia bila kosa. Alipopuliza, noti za juu zilitoka kwa taabu na za chini hazikutoka kabisa. Hewa ilisikika ikivuma tu. Wiki sita alijitahidi hadi midomo ikamtoka damu. Mwishowe nikamwambia mbele ya wenzake: "Mwanangu, huna pumzi ya chombo hiki." Nikampa kayamba.

Miaka miwili baadaye alipita mwanamuziki mmoja wa Bujumbura. Aliitazama ile saksafoni, akaomba tufunge madirisha, akaingiza ndani ya bomba taa ndogo za Krismasi zilizounganishwa kwenye uzi. Akafunga funguo zote kwa vidole. Mwanga ukaonekana ukichungulia chini ya pedi mbili, kama jua kwenye bati lililotoboka. Kisha akachomoa ridi na kunionyesha namba iliyoandikwa: 3½. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ulimpa mtoto anayeanza?"

Alibadilisha pedi mbili, akaweka ridi namba 2. Mvulana ambaye hakuwahi kugusa saksafoni akatoa noti ya chini siku hiyo hiyo. Yule msichana hakuwepo. Alikuwa ameshaacha kwaya.

Basi, ndugu wasomaji, niruhusuni nieleze nilichojifunza tangu siku ile, kwa lugha ya kawaida.

Kwanza, saksafoni na klarineti hazitoi sauti kwa midomo kutetemeka kama tarumbeta. Zinatoa sauti kwa ridi, yaani kile kijiti bapa kilichochongwa kutoka mmea wa jamii ya matete, ambao mwingi hulimwa kusini mwa Ufaransa. Ridi hufungwa kwa kibanio kwenye kipande cha mdomoni, na hiyo ndiyo koo ya chombo. Bomba la shaba linalong'aa linafuata nyuma. Mtu anayetumia fedha zote kwenye bomba na kuacha koo iwe yoyote ni sawa na anayenunua gari kwa rangi yake bila kufungua boneti.

Ridi zina namba, kuanzia karibu 1½ hadi 5. Namba ndogo ni laini, kubwa ni ngumu. Anayeanza aanzie 2, au 2½ akiwa na midomo yenye nguvu. Wapo wanaodhani namba kubwa ni cheo, kama darasa la shule, kwamba fundi lazima apige 4. Si kweli. Ridi ngumu mno utaijua kwa hewa inayovuma, noti za chini zinazogoma na midomo inayochoka mapema. Laini mno utaijua kwa sauti ya nzi, na noti za juu zinazoshuka au kuzibana. Tena namba za kampuni moja hazilingani na za nyingine. Aliyezoea 2½ ya Rico asishangae 2½ ya Vandoren ikimgomea kidogo.

Ridi haichaguliwi peke yake. Kipande cha mdomoni kina uwazi kwenye ncha, kati yake na ridi. Uwazi ukiwa mkubwa, unahitaji ridi laini zaidi; ukiwa mdogo, unaweza kubeba ridi ngumu kidogo. Mtoto akipewa kipande chenye uwazi mkubwa pamoja na ridi ngumu, hata mtu mzima mwenye kifua cha mvuvi wa Tanganyika angeshindwa. Kwa anayeanza saksafoni, kipande cha uwazi wa wastani, kama kile cha Yamaha kilichoandikwa 4C, kinatosha kwa miaka kadhaa. Si kitu cha kujivunia mbele za watu, lakini kinasamehe makosa.

Pili, tujiulize chombo kitapigwa wapi na pamoja na nani. Hapa ndipo kwaya nyingi hupotea. Kuna vipande vya mdomoni vya chuma, vyembamba ndani, vinavyotoa sauti kali inayopasua. Vinafaa kwa dansi, pale mpigaji anaposhindana na magitaa ya umeme na ngoma. Fikirieni Verckys Kiamuangana, aliyeingia OK Jazz mwaka 1963 akapiga saksafoni katikati ya magitaa ya Franco hadi 1969. Pale ilibidi sauti isimame yenyewe. Lakini ukileta ukali wa namna hiyo ndani ya kanisa dogo lenye bati, pamoja na sauti za akina mama kumi na wawili, utafunika wimbo wote. Kwaya inahitaji kipande cha mpira mgumu chenye nafasi pana ndani, sauti ya mviringo inayojichanganya na watu.

Na si lazima iwe saksafoni. Jean Serge Essous, mmoja wa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956, alianza kujulikana kwa klarineti. Wanaopenda rumba ya zamani wanaijua ile sauti nyembamba tamu. Klarineti ni nyepesi, karibu robo tatu ya kilo tu, wakati alto hufikia takriban kilo mbili na nusu na tena huizidi hiyo. Mtoto mdogo shingo yake haichoki. Ila ina ugumu wake. Vidole lazima vizibe matundu yenyewe, na kidole chembamba huacha upenyo. Pia ukibonyeza ufunguo wa kupanda juu, saksafoni hukupa noti ile ile kwa sauti ya juu, lakini klarineti hukurusha noti kumi na mbili, na mkono lazima ujifunze majina mawili kwa mpangilio mmoja. Kwa hiyo mtoto mwenye vidole vidogo sana asubiri, na mwenye haraka ya kupiga wimbo aanzie saksafoni.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi ni ufunguo wa muziki. Gitaa ikipiga Do, tena na klarineti ya kawaida lazima zisome Re, na alto lazima isome La. Wapiga gitaa wetu wanapenda Mi, kwa sababu ni rahisi kwa mkono wao. Mi hiyo kwa alto inakuwa Do yenye alama saba za kupandisha. Mtoto anatokwa jasho, watu wanasema hajui. Mwombeni mpiga gitaa ashushe hadi Mi bemol, na alto itasoma Do safi isiyo na alama hata moja. Hilo halina gharama yoyote.

Sasa niseme na ninyi mnaonunua mitumba, maana huko ndiko vyombo vyetu vingi vinakotoka, na mitumba mizuri ni bora kuliko mpya mbovu. Nimeona saksafoni mpya za rangi nyekundu na bluu ambazo funguo zake zinapinda kwa kidole, na fundi anashindwa kuzirudisha kwa sababu vipuri havilingani na vya nyingine. Yamaha ya wanafunzi iliyochubuka rangi, lakini pedi zikiwa nzima, ni mali. Mchubuko hauna sauti.

Kabla ya kulipa, fanyeni ukaguzi huu. Ingizeni taa ndani gizani mtazame pedi. Tazameni shingo ya saksafoni isiwe imekandamizwa ikawa kama yai. Bonyezeni kila ufunguo na muone unarudi wenyewe. Klarineti itenganisheni: kila kipande zibeni matundu na mwisho mmoja, kisha nyonyeni hewa kwa mdomo, ikishika ni salama, ikivuja mjue kuna kazi.

Someni maandishi. Baadhi ya vyombo vya kabla ya miaka ya 1930 vilitengenezwa kwa sauti ya juu kuliko ya leo. Leo noti ya La ni mitetemo 440 kwa sekunde. Vile vya zamani hupita 450. Mara nyingi vimepigwa mhuri wa H.P., na vya sauti ya chini L.P. Ukinunua cha H.P. hakitalingana na kinanda hata ukivute kipande cha mdomoni hadi kidondoke. Kuna pia saksafoni za Do, zenye ukubwa kati ya alto na tena, zilizotengenezwa kwa wingi Marekani katika miaka ya 1910 na 1920. Si mbaya, ila kupata kipande cha mdomoni kinachoifaa ni shida. Na kwa klarineti, hesabuni funguo: ya mpangilio wa kisasa unaofundishwa vitabuni kwa kawaida ina funguo 17 na pete 6. Pete zikiwa mbili tu, huenda ni ya mpangilio wa zamani, na mwalimu atakayefundisha kwa kitabu atakwama.

Klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo. Ndiyo, mpingo wetu, unaoota Tanzania na Msumbiji, na ambao vijiji vya Kilwa vilianza kuuvuna kwa cheti cha kimataifa cha utunzaji wa misitu mwaka 2009. Inapendeza kujua kwamba mti wa kusini mwa Tanzania unakwenda Ulaya na kurudi kwetu ukiwa klarineti. Lakini tusinunue kwa fahari. Mpingo hupasuka unapotolewa kwenye ukavu wa Tabora na kuletwa kwenye unyevu wa ziwani kwa ghafla, au unapoachwa juani kwenye carrier ya baiskeli. Kwa shule na kwaya za vijana, klarineti ya plastiki ngumu ndiyo jembe letu.

Wafanyabiashara, hili liwahusu. Mwaka 2017 miti ya jamii ya mpingo iliwekwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa, na wengine waliogopa kuvuka na klarineti. Tangu Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeondolewa katika sharti hilo. Gogo na mbao za mpingo hazikuondolewa. Hizo bado zinahitaji vibali. Pia msidanganyike kuhusu ule utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Huo ni kwa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya. Saksafoni ya Japani au China haigeuki kuwa ya Kigoma kwa kulala Kigoma. Ulizeni ushuru mapema, mdai risiti.

Na kama mnatafuta biashara, acheni kubeba saksafoni kubwa peke yake. Beba ridi. Sanduku la ridi kumi linaingia mfuko wa shati. Someni juu ya sanduku: za alto si za tena, za klarineti si za saksafoni. Mlete namba 2 na 2½, maana wanaoanza ndio wengi. Leteni pia ridi za plastiki. Moja huweza kugharimu karibu na sanduku zima la zile za mmea, lakini inadumu miezi, haikauki wala kuota ukungu. Huku Makamba sijaona duka la ridi, kwa hiyo hiyo si anasa.

Najua jibu nitakalopewa. Maskini hachagui, tukipewa tushukuru. Jibu hili nalielewa, nimelelewa kwa mahindi ya msaada. Lakini mwenye fedha akikosea leo, kesho atanunua nyingine. Kwaya inayochanga miaka mitatu inanunua mara moja. Kati ya hao wawili, nani anapaswa kuchagua kwa makini zaidi?

Na ile methali ya jembe, mimi naisoma kwa macho ya baba yangu. Alikuwa mkulima, hakuna aliyembishia. Hakuchagua jembe kwa kukwepa kazi. Lakini kabla ya msimu alikata mpini mwingine kwa ajili yangu, mfupi, akaupima kwenye kiuno changu, akachagua jembe dogo lililolika. Kaka yangu alipewa zito. Hakusema kwamba mimi sina mgongo wa kulima.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kwaya, shule na bendi za vijana ni huu. Kwanza mpateni mpigaji, ndipo mnunue chombo. Mkichanga, msimalize fedha zote kwenye bomba. Tengeni sehemu kwa ajili ya kipande cha mdomoni, ridi, mkanda wa shingo na fundi. Mpelekeni kijana mmoja akajifunze kubadilisha pedi. Kila baada ya kupiga, ridi itolewe, ndani ya bomba pafutwe, kipande cha mdomoni kioshwe kwa maji ya vuguvugu, si ya moto. Mtoto awe na ridi tatu au nne za kubadilishana. Na muuzaji asiyekuruhusu kupuliza kabla ya kulipa, muage kwa heshima uendelee na safari.

Nilisema kwamba yule msichana aliacha kwaya. Mwaka jana nilikutana naye Mugina. Ni mama wa watoto wawili sasa, anauza dagaa kutoka Kigoma, na ana wateja wengi. Alinisalimu kwa heshima, "Shikamoo Mwalimu." Nikamweleza yote: pedi mbili, ridi namba 3½. Nikamwambia kosa lilikuwa langu. Nikamwomba aje Jumamosi ajaribu tena, chombo kipo, kimetengenezwa.

Alinisikiliza huku akipima dagaa. Akatabasamu kidogo, akasema, "Achana nayo, Mwalimu. Mimi sina pumzi ya muziki. Si wewe mwenyewe ulisema?"

Bado sijapata la kumjibu. Ila mtoto wake mkubwa ana miaka sita, na nimeshamwomba ruhusa: meno yake ya mbele yakibadilika na kuota vizuri, nitamtafutia kitu kinachomtosha mdomoni, nikikague kwanza kwa taa.